Mfalme Faisal bin Abdulaziz na Mwaka wa Dhiki ya Mafuta

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, sala na amani zimshukie, tunawaletea ndugu zetu wasomaji khabari za mtu mmoja katika watu wakubwa wa umma huu waliokwisha tangulia mbele ya haki. Mtu huyo ni Mfalme Faisal bin Abdulaziz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1975. Jina lake halikusahauliwa katika miji yetu ya pwani, lakini wengi katika sisi hatujui katika maisha yake ila jambo moja tu, nalo ni kwamba mwaka 1973 aliyafunga mafuta yasiende kwa mataifa makubwa. Wazee hulisimulia jambo hilo kwa fahari, vijana hulisikiliza kama wanavyosikiliza hadithi za mashujaa wa kale, kisha kila mtu huenda zake, wala hapana anayeuliza kisa kilianzia wapi na kiliishia wapi.

Katika darsa yetu liliulizwa suali juu ya jambo hili, na hatukuweza kulijibu kwa haraka. Ndugu mmoja alikumbusha kwamba mafuta yalipokuwa adimu na ghali hakuumia Mmarekani peke yake. Aliumia pia mkulima wa Karurumo, kijiji kilichoko katika nchi ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu yoyote juu ya Baitul Mukaddas, na ambaye taa yake ya usiku ilitegemea mafuta yaliyoshushwa bandarini Mombasa. Akauliza, je, mtu huyo hakudhulumiwa? Suali kama hili halifai kujibiwa kwa hamasa wala kwa mapenzi ya mtu. Lajibiwa kwa kuyajua mambo yalivyokuwa. Basi na tuanze tangu mwanzo.

Faisal alizaliwa Riyadh mwaka 1906, naye ni mtoto wa tatu mwanamume wa Abdulaziz bin Saud. Mama yake, Tarfa, alitoka katika ukoo wa Sheikh Muhammad bin Abdulwahhab, nao ni ukoo wa wanavyuoni. Mama huyo alifariki Faisal angali mdogo, akalelewa na babu yake mzaa mama, Sheikh Abdullah bin Abdullatif, aliyekuwa mwanachuoni mkubwa wa Riyadh. Huko ndiko alikosoma dini, na wajuzi wa khabari zake husema kwamba tabia ya kunyamaza sana, kula kidogo na kutopenda fahari aliitoa katika nyumba ile.

Riyadh ya siku hizo ilikuwa mji mdogo wa udongo. Na ajabu ni kuwa mtoto huyu wa jangwani alitumwa Uingereza na baba yake mwaka 1919, umri wake ukiwa miaka kumi na mitatu tu, ili amwakilishe mbele ya dola iliyokuwa na nguvu kupita dola zote. Aliona viwanda na reli, na huko Ufaransa aliiona mikoa iliyobomolewa na vita vikuu vilivyokuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Akajua mapema mambo mawili ambayo wenzake wengi hawakuyajua: nguvu za watu wa Magharibi, na jinsi nguvu hizo zinavyoweza kuwageukia wenyewe.

Mwaka 1926, baada ya Hijazi kuingia mikononi mwa baba yake, Faisal alifanywa naibu wake huko, akawa ndiye mwenye kuangalia mambo ya Makka, Madina na Jeddah. Mwaka 1930 akapewa mambo ya nchi za nje, na mwaka 1932 ilipotangazwa kwamba Najdi na Hijazi sasa ni ufalme mmoja, yeye ndiye aliyeitangaza amri hiyo huko Makka. Dola ilikuwa maskini. Mapato yake makubwa yalitoka kwa mahujaji, na ulimwengu ulipopatwa na dhiki ya biashara katika miaka ya 1930, mahujaji walipungua na hazina ikakauka. Ndipo mwaka 1933 kampuni ya Kimarekani ilipopewa ruhusa ya kutafuta mafuta upande wa mashariki. Visima vya kwanza havikutoa cha maana. Kisima cha saba cha Dammam ndicho kilichofungua riziki hiyo mwaka 1938.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Faisal aliiwakilisha nchi yake San Francisco mwaka 1945 katika kuunda Umoja wa Mataifa. Mwaka 1947 alikuwako New York iliporushwa kura ya kuigawa Palestina. Yeye na wajumbe wenzake wa Kiarabu waliipinga, na kura ikawashinda. Jambo hilo lilimwingia moyoni likakaa humo mpaka siku ya kufa kwake. Alikuwa rafiki wa Marekani, na ukomunisti aliuchukia sana, lakini tangu siku ile alijua kwamba urafiki wa mkubwa kwa mdogo una mpaka wake.

Mfalme Abdulaziz alifariki mwaka 1953, na ufalme ukamwendea Saud, ndugu mkubwa wa Faisal. Mafuta sasa yalikuwa yakileta fedha nyingi, na fedha nyingi zisipokuwa na mlinzi hutoka kwa mlango ule ule zilioingilia. Ilipofika mwaka 1958 dola ilikuwa imezama katika deni. Jamaa wa ukoo wakamtaka Faisal aishike kazi ya serikali. Akapunguza matumizi, akazuia anasa, na kwa muda wa miaka michache deni likalipwa. Msomaji na alizingatie hili, kwa kuwa wengi humsifu kwa kuyafunga mafuta, na wachache humsifu kwa kufunga mkono wa hazina, ijapokuwa hili la pili ndilo lililoliwezesha lile la kwanza. Mwenye deni hawezi kumwambia mnunuzi wake kwamba leo hauzi.

Mwaka 1962 alipanga mambo ya kutengeneza serikali, na katika hayo utumwa ulipigwa marufuku katika nchi nzima, na wenye watumwa wakalipwa na serikali. Sisi watu wa pwani, ambao babu zetu waliijua biashara hiyo kwa pande zake zote mbili, twajua uzito wa jambo hilo, na twajua pia kwamba lilichelewa. Yeye na mkewe Iffat walihimiza elimu ya wanawake. Skuli ya wasichana ya Dar al-Hanan ilifunguliwa Jeddah mwaka 1955, na tangu mwaka 1960 serikali ikaanza kufungua skuli za wasichana mijini. Wako waliopinga, hasa katika mji wa Buraida, lakini skuli ikafunguliwa, na asiyetaka kumpeleka binti yake hakulazimishwa. Baada ya miaka michache wale wale waliopinga walikuwa wakiomba nafasi kwa mabinti zao. Islahi njema ndiyo hii: mlango hufunguliwa, hoja huonyeshwa, na watu huachiwa wakati wa kufahamu.

Faisal akawa mfalme mwezi wa Novemba 1964. Hatusemi kwamba alikuwa hana ila. Mwaka 1962 iliahidiwa sheria ya msingi ya nchi pamoja na baraza la mashauri, na ahadi hiyo haikutimizwa katika uhai wake. Sheria hiyo haikutoka mpaka mwaka 1992. Shura ni jambo la dini yetu, na mtawala mwema anayeiahirisha humwachia mtawala asiyekuwa mwema njia nyepesi. Jambo hili lastahili kusemwa, na kulisema hakumvunjii heshima marehemu.

Sasa twaja kwenye mafuta. Katika vita vya Juni 1967 Israili iliiteka Baitul Mukaddas ya mashariki pamoja na ardhi nyingine za Waarabu. Nchi za Kiarabu zilijaribu kuyazuia mafuta kwa muda mfupi, lakini hazikufaulu, kwa sababu Marekani wakati huo ilikuwa na mafuta ya akiba katika visima vyake, na wauzaji wengine waliziba pengo. Aliyepata hasara ni muuzaji mwenyewe. Miaka miwili baadae, tarehe 21 Agosti 1969, Masjidul Aqsa ulitiwa moto na mtu mmoja kutoka Australia. Mwezi uliofuata wakuu wa nchi za Kiislamu walikutana Rabat, na Faisal alikuwa mbele katika kuuita mkutano huo, ambao ndio asili ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu yenye makao yake Jeddah. Mwezi wa Novemba 1972 alizuru Afrika, akafika Uganda, Chad, Niger, Senegal na Mauritania.

Katika miaka hiyo hali ya mafuta duniani ilikuwa imegeuka. Visima vya Marekani vilifika upeo wao mwaka 1970, na tangu hapo vikawa vikipungua, hali mahitaji yake yakizidi kila mwaka. Nchi za Ulaya na Japani zilikuwa zimeacha makaa ya mawe na kutegemea mafuta ya Ghuba kwa kuwa yalikuwa rahisi mno, kiasi cha dola 3 tu kwa pipa. Wakajenga viwanda, mitambo ya umeme, magari na majumba yao juu ya kitu wasichokuwa nacho. Faisal aliliona hilo. Mara kadhaa katika mwaka 1973 aliwajulisha Wamarekani kwamba hataweza kuendelea kuwaongezea mafuta ikiwa wao wataendelea kuipa Israili kila kitu. Hawakumsadiki.

Tarehe 6 Oktoba 1973, nayo ni 10 Ramadhani 1393, Misri na Syria ziliingia vitani kutaka kurudisha ardhi zao. Tarehe 16 nchi za Ghuba zilipandisha bei, na tarehe 17 mawaziri wa mafuta wa Kiarabu waliokutana Kuwait walikata shauri kupunguza uchimbaji kila mwezi. Rais Nixon alipoomba dola bilioni 2.2 za kuisaidia Israili, Faisal aliamrisha tarehe 20 kwamba Marekani isipelekewe tena hata pipa moja. Uholanzi nayo ikafungiwa, na baadae Ureno, Afrika ya Kusini na Rhodesia. Mpaka Disemba mafuta ya Waarabu yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha mapipa milioni 5 kwa siku.

Hapo ndipo walimwengu walipoona mambo ambayo hawakuyadhani. Uholanzi, na kisha Ujerumani ya Magharibi, zilikataza magari Jumapili, watu wakatembea kwa miguu na kwa baiskeli katika barabara kuu zilizokuwa tupu. Uingereza, ambayo wakati huo huo ilikuwa na mgomo wa wachimba makaa, iliamrisha viwanda vitumie umeme siku tatu tu kwa juma tangu Januari mpaka mwanzo wa Machi 1974, na watu wa London wakafanya kazi kwa mishumaa. Marekani magari yalipanga safu ndefu mbele ya vituo vya petroli, na katika baadhi ya majimbo mtu akanunua kwa zamu, leo wenye nambari witiri, kesho wenye nambari shufwa. Mwendo wa magari ukapunguzwa kuwa maili 55 kwa saa. Japani, isiyokuwa na mafuta ila ya kununua, iliingiwa na hofu hata wanawake wakayavamia maduka kununua karatasi za chooni wakidhani zitakwisha. Mwezi wa Novemba nchi za soko la Ulaya, kisha Japani, zilitoa matamko yanayotambua haki za Wapalestina, mambo ambayo zilikuwa haziyasemi. Basi ikabainika kwamba nguvu za mataifa yale, pamoja na ndege na mizinga yao, zilikuwa zimesimama juu ya bei rahisi ya kitu cha wengine.

Na huku kwetu? Nchi nyingi za Afrika zilikuwa upande wa Waarabu katika mambo hayo. Uganda ilivunja uhusiano na Israili mwaka 1972, Tanzania ikafuata Oktoba 1973, na Kenya tarehe 1 Novemba 1973. Kwa hivyo Kenya haikufungiwa mafuta. Meli za mafuta ziliendelea kufika Mombasa, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, hakikuzimwa. Lililoifika Kenya ni bei. Tarehe 1 Januari 1974 bei iliyotangazwa ilikuwa dola 11.65 kwa pipa, yaani kiasi cha mara nne ya ile ya mwanzo. Mafuta hayo yalipanda bara kwa reli na kwa malori, kwani bomba la kutoka Mombasa mpaka Nairobi halikuwa tayari mpaka mwaka 1978, na kila hatua ya safari nayo huliwa petroli. Yalipofika Karurumo, mwenye shamba la kahawa alikuta taa ni ghali, gari la kuchukulia kahawa ni ghali, na mbolea pia imepanda, kwa kuwa nayo hutengenezwa kwa mafuta na gesi. Tanzania ilipatwa na haya pamoja na ukame katika mwaka mmoja, ikalazimika kununua chakula na mafuta kwa fedha zile zile chache. Tajiri wa Ulaya alikosa safari yake ya Jumapili. Maskini wa Afrika alikosa mwanga wa kumsomeshea mtoto.

Sasa twaweza kurudi kwenye suali la ndugu yetu. Yafaa tupambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kufunga mafuta ni jambo moja, na kupandisha bei ni jambo jingine. Kufunga kulikusudiwa kwa dola zilizojulikana, kwa sababu iliyojulikana, na Faisal alikuwa na haki katika hilo, kwani hapana sheria inayomlazimisha mtu kumuuzia anayempa silaha adui yake. Lakini bei haichagui. Humwangukia mkosa na asiyekosa kwa sawasawa, na asiyekosa huwa ndiye mnyonge zaidi. Katika mkutano wa Tehran wa Disemba 1973 aliyevuta sana bei juu ni Shah wa Iran, naye hakushiriki katika kufunga mafuta. Saudia haikutaka ifike pale. Hata hivyo fedha ilizipokea. Mapato yake ya mafuta yalitoka dola bilioni 4 na kitu mwaka 1973 yakapita bilioni 22 mwaka 1974.

Nchi za Afrika ziliomba ziuziwe kwa bei nafuu, zikapewa badala yake mikopo na misaada. Benki ya Waarabu ya maendeleo ya Afrika iliundwa, ikafanya makao yake Khartoum, na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ikafunguliwa Jeddah mwaka 1975, naye Faisal alikuwa katika walioihimiza. Hayo ni mema, na kheri yake haikatiki. Lakini mkopo huingia katika hazina ya serikali, na ughali huingia katika nyumba ya mtu. Kwa hivyo twasema hivi: mkulima wa Karurumo hakudhulumiwa kwa kusudi, lakini alidhurika, na haki yake haikulipwa yote. Mwenye nguvu akipiga kwa haki bado ana wajibu wa kutazama mkono wake umewagusa nani wengine.

Tarehe 18 Machi 1974 mafuta yakafunguliwa tena kwa Marekani, baada ya majeshi kutenganishwa katika upande wa Misri. Baitul Mukaddas haikurudi. Inasemekana kwamba Faisal alitamani sana kusali katika Masjidul Aqsa kabla ya kufa, na hakujaaliwa. Tarehe 25 Machi 1975, katika Mfungo Sita 1395, alikuwa katika kasri lake Riyadh akiwapokea wageni, miongoni mwao waziri wa mafuta wa Kuwait. Mtoto wa ndugu yake, Faisal bin Musaid, aliingia pamoja na wageni hao akampiga risasi. Akafariki siku ile, akazikwa katika makaburi ya Al-Oud katika kaburi lisilokuwa na kuba wala jina, kama wanavyozikwa watu wote wa mji ule. Mtu aliyezima taa za Ulaya hakuwekewa hata jiwe la kumjulisha.

Ndugu msomaji, limebaki jambo moja, nalo twaona ndilo kubwa. Yatazame mataifa yale yaliyopatwa na dhiki yalifanya nini baada yake. Mwaka 1974 waliunda shirika lao la nishati huko Paris, na wanachama wakafungwa na sharti la kuweka akiba ya mafuta, ambayo ikawa ya siku 90. Waingereza na watu wa Norway wakachimba chini ya bahari ya Kaskazini. Wamarekani wakaleta mafuta kutoka Alaska. Wafaransa wakajenga mitambo ya atomiki, na Wajapani wakatengeneza magari madogo yasiyokula petroli nyingi, wakayauza ulimwengu mzima, hata kwetu. Sisi twasoma kisa cha Nabii Yusuf, amani imshukie, na ile akiba ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya shida. Twakisoma kwa sauti nzuri, na watoto wetu hukihifadhi. Wao ndio waliokitenda.

Nchi ya Kenya nayo haikulala yote. Mto Tana, unaotokana na maji ya Mlima Kenya na ya Nyandarua, hupita chini ya nchi ya Embu kabla ya kuteremka mpaka pwani yetu. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, na mwaka 1981 mvuke wa ardhini wa Olkaria ukaanza kutoa umeme. Kazi hizo zilifanywa na wahandisi, na mhandisi hapatikani kwa dua peke yake. Meli za mafuta zilipita mbele ya macho yetu Kilindini kwa miaka hamsini, na kiwanda cha Changamwe kilifanya kazi mpaka mwaka 2013. Kila mmoja na ajiulize katika mtaa wake: ni watoto wangapi wa misikiti yetu waliosomeshwa wakajua ndani ya kiwanda kile mna nini? Waqfu zetu zimejenga minara mingi. Ni ngapi zilizomlipia mtoto wa maskini, mwanamume au mwanamke, akasome ilimu ya mashine, ya umeme au ya hesabu?

Faisal alipata mafuta bila ya kuyatafuta, akayatumia mara moja kuitetea haki ya umma. Sisi tusiokuwa na visima tumepewa akili, wakati na mali ndogo ndogo, na kila kimoja katika hivyo ni amana kama alivyokuwa na amana yeye. Atakayemsifu na asianze kwa kumtaja katika mabaraza. Na aanze kwa deni la nyumba yake alilipe, kwa mtoto wake amsomeshe, na kwa jirani yake aliye mbali, hata akiwa juu ya milima ya Embu, asimsahau anapopanga bei ya bidhaa yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mfalme Faisal, amsamehe alipokosa, amlipe alipotenda mema, na atujaalie sisi na nyinyi kuwa wenye kusikia maneno na kufuata yaliyo bora yake. Amin.